Milimita Nne

Alhamisi tunakuwa wanne, watano kama hakuna mvua,
kwenye banda la bati nje kidogo ya Voves,
ngano pande zote, nchi imenyooka kama meza iliyopigwa randa.
Katikati ya banda, juu ya magogo mawili yaliyofunikwa zulia,
bawa limelala kifudifudi
kama mgonjwa anayesubiri sindano.

Ndege ilikuwa nyekundu. Sasa ina rangi ya mkate.
Namba kumi na saba bado yasomeka ubavuni, ukiinama.
Mwaka wa thelathini na nne iliizunguka minara mara tisa,
mzunguko wa kumi petroli ikakata,
ikatua kwenye shamba la viazisukari.
Rubani akashuka, akavua glovu, akaomba kiberiti.
Hiyo ndiyo sifa yake yote. Haikushinda kitu.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo.
Miaka thelathini na mmoja niliwaudhi wauza nyama na jibini
kutoka Chartres hadi Châteaudun.
Nimestaafu, mke wangu ametangulia,
kidole gumba bado chaijua gramu.
Odile Perrachon, fundi wa ngazi, ndiye mkuu wetu.
Alinipa sarafu ya faranga, ya zamani. "Gonga."
Nikagonga, kila upana wa vidole viwili:
ko, ko, ko, mbao iko hai,
ko, ko,
pwa.
Hapo gundi imekufa. Nikatia nukta ya chaki.
Kufika jioni bawa lilikuwa na ndui.

Gundi yenyewe ni ya maziwa, ndivyo walivyofanya enzi zile,
maziwa yaliyoganda na chokaa. Panya waliigundua kabla yetu.
Walikula kiungo kizima karibu na tangi,
wakaacha mavi, makapi ya ngano,
na kona ya gazeti yenye bei ya farasi.

Tulipobandua plaiwudi ya juu,
nyembamba, inalia ikikunjwa,
Yannig wa chuo cha ufundi akasema, njooni.
Penseli, kwenye mhimili, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
"Hapa imepungua milimita nne. Bosi hajui. Itaruka."

Hakuna jina.
Nikatoa rula yangu ya chuma.
Nne. Kamili.
Nilitaka kumtoza faini,
nikajikuta nimevua kofia.

Siku ile ile, kana kwamba wamepangana,
bibi mmoja wa wizarani alikuja na fomu:
asilimia ngapi ya ndege hii ni yenyewe?
Odile, misumari midomoni:
"Ya asubuhi, au ya sasa hivi?"

Tulibishana hadi kahawa ikaota ngozi.
Yannig: kosa ni lake, liachwe.
Mimi: mtu ataikalia hii, juu ya mita mia tatu za hewa.
Odile hakusema. Alichoma mbao kwa ncha ya kisu
na kisu kikazama kama kwenye keki.
Basi. Akakata sprusi mpya, kipimo kamili,
na kile kipande cha maandishi akakipangusa,
akakigandisha mbavu ya pili, ndani,
mahali ambapo hakibebi kitu,
kama mjomba kwenye picha ya harusi.

Kabla ya kufunga alinipa penseli ya nyuma ya sikio lake.
"Nawe andika. Hapatafunguliwa tena
mpaka sisi sote tuwe makapi."
Nilikaa nayo muda mrefu. Yannig alishaanza kukoroga gundi.
Ningeandika jina la mke wangu. Mkono ulikwenda hivyo,
nusu ya herufi, ukarudi.

Vibanio themanini na sita. Siku mbili.
Jumamosi nilikuja peke yangu, na sarafu mfukoni:
ko, ko, ko, ko,
mpaka ncha.

Odile akiniuliza niliandika nini, namwambia: uzito.
Kilo arobaini na moja, gramu mia mbili,
pamoja na nzi mmoja aliyenasa.